Tezi na Omo: Njia ya Waya wa Taa ya Mkia katika Ndege Iliyoundwa Nyumbani

Wahenga walinena, "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Wanafunzi wengi wa Kiswahili huikariri methali hii wakijua tu kwamba yahusu mtu kurejea alikotoka. Ni wachache wanaosita wakauliza tezi ni kitu gani. Tezi ni upande wa nyuma wa chombo cha baharini, omo ni upande wa mbele, nayo ngama ni tumbo la chombo, chini kabisa, ambamo maji yanayovuja hukusanyika. Baharia huzunguka kutwa baina ya ncha hizo mbili, na mwishowe hana pa kurudi ila pale pale katikati. Methali hii ikitolewa jahazini na kutiwa ndani ya ndege ndogo, huacha kuwa funzo la maadili, ikawa kanuni ya fizikia. Umeme utokao kwenye betri kwenda kuwasha taa iliyo mkiani hauna budi kurudi kwenye betri hiyo hiyo. Ukikosa njia ya kurudi hauendi kabisa, na taa haiwaki.

Makala haya yanahusu njia hiyo, ya kwenda na ya kurudi, katika ndege ambazo watu huziunda wenyewe nyumbani. Huenda mada ikaonekana kuwa ngeni katika jarida la Kiswahili. Hata hivyo, lugha isiyojaribiwa kwa mambo ya nyaya na ribiti huishia kusifiwa kwa uwezo ambao haujathibitishwa. Aidha, kama itakavyodhihirika, kazi hii ina nasaba na bahari kuliko inavyodhaniwa.

Ndege za gereji

Desturi ya kuunda ndege nyumbani imestawi zaidi nchini Marekani. Mnamo mwaka wa 1953, Paul Poberezny na wenzake walianzisha jijini Milwaukee, katika jimbo la Wisconsin, chama cha waundaji na wapenzi wa ndege kiitwacho EAA. Tangu mwaka wa 1970, maskani ya mkutano wake mkuu yamekuwa mji wa Oshkosh katika jimbo hilo hilo. Sheria za Marekani humruhusu mtu asiye na kiwanda kuunda ndege, madhali sehemu kubwa ya kazi imefanywa na watu wanaoifanya kwa ajili ya kujielimisha au kujiburudisha. Wengi hununua vipande vya alumini vilivyokatwa tayari. Ndege za aina ya RV, zilizobuniwa na Richard VanGrunsven wa jimbo la Oregon, ndizo mashuhuri zaidi katika kundi hili. Zaidi ya 10,000 zimekwisha kuruka. Wengine hufuata njia iliyopanuliwa na Burt Rutan katika miaka ya 1970, wakaunda kwa povu gumu lililovikwa faibaglasi. Tofauti hii baina ya alumini na faibaglasi inafaa kuwekwa akilini, kwani ndiyo itakayoamua mambo mengi hapo mbele.

Kazi yenyewe huchukua miaka. Aghalabu hufanyika katika gereji ya nyumba, usiku, baada ya ajira ya mchana, na muundaji huwa ndiye fundi wa bati, fundi wa injini na fundi wa umeme. Kabla ya ndege kuruka, mkaguzi huja kuitazama pamoja na stakabadhi zake. Hawezi, lakini, kuona kila waya uliofichwa nyuma ya bati lililokwisha kupigwa ribiti. Anayejua waya ulipita wapi ni yule aliyeupitisha.

Taa ambayo rubani haioni

Ndege inayoruka usiku hubeba taa tatu za kuitambulisha: nyekundu kwenye ncha ya bawa la kushoto, kijani kwenye bawa la kulia, na nyeupe inayotazama nyuma. Mpangilio huu uliazimwa kutoka kwa meli. Kanuni za kimataifa za mwaka wa 1972 za kuzuia migongano baharini zinaitaka kila taa ya ubavuni iangaze pembe ya digrii 112.5, na ile ya tezini digrii 135. Kwa ndege, kanuni za Marekani zimeweka digrii 110 kwa kila bawa na 140 kwa nyuma. Katika hali zote mbili jumla ni 360. Duara limezibwa lote, na atazamaye kutoka upande wowote hupata rangi ya kumweleza ndege ile inaelekea wapi. Rubani anayeona taa nyeupe peke yake anajua kwamba yuko nyuma ya mwenziwe, na kwamba akitaka kumpita, sheria yamtaka apite upande wa kulia. Taa hiyo ikizimika, zaidi ya theluthi moja ya duara huwa giza. Ni kweli kwamba ndege huwa pia na taa ya kumetameta ya kuepusha migongano, lakini nayo mara nyingi hutegemea nyaya zinazopita njia ile ile.

Si taa pekee zilizotoka baharini. Neno rubani lilimhusu kwanza aliyeongoza chombo majini, nao usukani, ambao leo kwa Mkenya ni gurudumu la kushikwa na dereva wa matatu, ulikuwa ni ule ubao wa tezini unaokielekeza chombo. Katika ndege usukani umerejea maana yake ya asili, kwa kuwa ni bapa lililosimama wima mkiani, lenye bawaba, linalogeuza pua ya ndege kushoto au kulia. Hapana haja ya kulisakia bapa hilo jina jipya. Ndilo usukani wenyewe.

Linalotia wasiwasi kuhusu taa ya mkia ni kwamba mwenye ndege haioni. Mwanga wa taa za mabawa rubani anaweza kuutupia jicho akiwa kitini. Ya mkiani inaweza kuzimika katikati ya safari, naye akaruka saa mbili zaidi na kutua akiwa na imani kamili kwamba inawaka. Taa ile haimfai yeye moja kwa moja; humfaa aliye nyuma yake, mtu asiyemjua wala kumwona. Ndiyo maana haifai kuipitishia waya kwa pupa.

Marejeo

Katika ndege ya alumini, ncha hasi ya betri hufungwa kwenye kiwiliwili cha ndege, na kwa hivyo kiwiliwili chote hugeuka kuwa njia ya kurudia. Waya mmoja unaopeleka umeme mkiani watosha. Marejeo ni bati lenyewe. Faibaglasi, kwa upande mwingine, haipitishi umeme. Anayeunda kwa faibaglasi, au kwa mbao na kitambaa, sharti apitishe nyaya mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi.

Hili laonekana kuwa jambo dogo hadi hesabu ipigwe. Chukulia balbu ya wati 28 katika ndege yenye umeme wa volti 14. Balbu hiyo hutumia ampea 2. Kutoka kwenye swichi hadi mkiani ni mita 6. Waya wa namba 20, kwa kipimo cha Kimarekani ambacho namba ikipanda waya huwa mwembamba zaidi, una ukinzani wa takriban omu 0.033 kwa kila mita. Mita 6 zina omu 0.2, na ampea 2 zikipita humo volti 0.4 hupotea njiani. Mwongozo wa ukarabati wa mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani huruhusu volti 0.5 zipotee kwa kifaa kinachowaka mfululizo katika ndege ya volti 14. Kwa ndege ya alumini, basi, waya huo umefaulu. Kwa ndege ya faibaglasi safari si ya mita 6 bali 12, na kinachopotea ni volti 0.8. Balbu ya uzi nayo hupungukiwa na mwanga upesi kuliko inavyopungukiwa na volti. Kukosa asilimia 6 hivi ya volti huipokonya karibu sehemu moja ya tano ya mwanga wake. Muundaji hana hiari ila kuchukua waya mnene zaidi, wa namba 18, ambao katika mita hizo 12 hupoteza takriban volti 0.5. Aliyepima njia ya kwenda akasahau ya kurudi huishia kuwa na taa hafifu, kisha akailaumu balbu.

Taa za LED zimeupunguza uzito wa hesabu hii, kwa kuwa hutumia sehemu ndogo tu ya umeme huo. Siku hizi unene wa waya wa mkiani huchaguliwa zaidi kwa kuzingatia uimara wake unapovutwa na kutikiswa kuliko volti zinazopotea. Fyuzi nayo huchaguliwa kulingana na waya. Wengi hudhani fyuzi hulinda taa, ilhali hulinda waya usishike moto. Kwa waya wa namba 20 fyuzi ya ampea 5 yafaa, hata kama taa yenyewe haitumii nusu ya kiasi hicho.

Upo mtego ambao huwanasa hasa wenye ndege za alumini, kwa sababu wameambiwa kwamba kwao marejeo ni bure. Katika ndege nyingi za RV zenye gurudumu la nyuma, taa ya mkia hukaa chini kabisa ya usukani, kwenye kifuniko cha faibaglasi. Ndege ni ya alumini, naam, lakini pale taa ilipofungwa hakuna alumini. Hata muundaji akiunganisha taa hiyo na bati la usukani, bado usukani wenyewe haukushikamana na kiwiliwili isipokuwa kwa bawaba, na ndani ya bawaba mna beringi zilizopakwa grisi. Umeme ukitegemea kupita humo hupita leo, kesho ukasita, hasa ndege inapotikisika. Fundi mwangalifu huvusha waya wa kurudi mpaka ng'ambo ya bawaba, kisha huufunga kwenye mbavu ya kiwiliwili iliyo imara. Pale pa kufunga husuguliwa mpaka alumini ing'ae, kwa kuwa alumini ikikaa hewani hujivika utando mwembamba usiopitisha umeme.

Dalili za marejeo mabovu hazihitaji ndege ili zionekane. Aliyewahi kufuata lori usiku huenda aliona taa zake za nyuma zikififia kila dereva anapokanyaga breki, au zikipepesa pamoja na taa ya kuashiria kona. Mara nyingi balbu hazina kasoro. Waya wa kurudi umekatika au umeota kutu, na umeme unajitafutia njia kupitia balbu ya jirani.

Kupita katika mbavu

Kiwiliwili cha ndege ya alumini hufanana na jahazi lililovikwa bati: ndani mna mbavu zilizopangwa moja baada ya nyingine, kama mataruma ya chombo, na waya hauna budi kutobolewa njia katika kila moja. Tundu la alumini lina ukingo mkali. Injini ikinguruma, kila kitu hutikisika mara maelfu kwa dakika, na ukingo huo hugeuka kuwa msumeno. Kwa hivyo kila tundu huvalishwa pete ya mpira au ya plastiki kabla ya waya kupitishwa. Anayesema kwamba atarudi kuitia pete baadaye, aghalabu harudi.

Baina ya mbavu na mbavu, waya hushikwa kwa vibanio vyenye mpira ndani. Mwongozo uliotajwa hautaki vibanio viachane kwa zaidi ya inchi 24, yaani sentimita 61, na unataka waya ukisukumwa kwa mkono katikati ya vibanio viwili usibonyee zaidi ya nusu inchi. Kukaza kupita kiasi nako ni kosa, kwani waya uliovutwa kama uzi wa zeze hukatikia kwenye kiungo.

Jambo zito zaidi ni majirani wa waya huo. Nyuma ya viti mna kamba za chuma au vyuma virefu vinavyopeleka amri za rubani mkiani. Vitu hivi husogea kila mara, na waya uliolegea ukiviangukia, vitausaga mpaka shaba ionekane. Hapo huwa kumetokea moja kati ya mawili: umeme kugusa bati na kukata fyuzi, au, vibaya zaidi, waya kujizungusha pale na kumzuia rubani asiweze kugeuza usukani. Ndege iliyopoteza taa hutua. Iliyopoteza usukani ni habari nyingine. Mwongozo unataka inchi 3 baina ya nyaya na kamba za usukani, na pasipowezekana, kuwe na kizuizi imara katikati yake. Mahali waya unapokutana na bomba la mafuta, hupitishwa juu ya bomba wala si chini yake, ili mafuta yakivuja yasidondokee umeme.

Ganda la waya nalo lina mambo yake. Nyaya za plastiki ya kawaida, kama zinazouzwa madukani kwa ajili ya magari, zikiungua hutoa moshi wenye asidi unaowasha macho na kubana pumzi, na chumba cha ndege ndogo hakina pa kukimbilia. Kwa sababu hiyo waundaji hununua nyaya za ndege zenye ganda la tefzeli, linalostahimili joto la selsiasi 150. Ndani yake mna nyuzi nyembamba 19 za shaba iliyopakwa bati, kwa kuwa uzi mmoja mnene huvunjika upesi ukikunjwa-kunjwa. Kwa sababu iyo hiyo, wengi hupendelea kubana ncha za nyaya kwa koleo maalumu badala ya kuzilehemu. Risasi ya kulehemu hupenya baina ya nyuzi na kuzigandisha kuwa kitu kimoja, na pale mgando unapoishia ndipo waya hukatikia.

Katika ndege ya faibaglasi hakuna mbavu nyingi za kutoboa. Kishawishi kilichopo ni kuuzika waya ndani ya povu kisha kuufunika kwa faibaglasi daima dumu. Mwenye busara huzika bomba jembamba la plastiki, akaupitisha waya ndani yake, na kuacha humo uzi mtupu wa kuvutia waya mwingine siku ya haja. Uzi huo hauna uzito wa kutajika. Asiyeuacha atalazimika siku moja kukata mkia alioulainisha kwa msasa kwa miezi.

Bawaba ya usukani

Sehemu ngumu kuliko zote ni sentimita chache za mwisho, ambapo waya unavuka kutoka kiwiliwili kisichosogea kwenda usukani unaosogea. Usukani hugeuka digrii 30 na zaidi kila upande, tena mara nyingi zaidi ndege inapokuwa ardhini kuliko angani. Waya ukiwa mfupi, huvutwa kila usukani unapofika mwisho wake, na baada ya muda nyuzi zake 19 huanza kukatika mmoja mmoja. Taa huendelea kuwaka kwa nyuzi zilizobaki, na hakuna anayejua. Ukiwa mrefu kupita kiasi, kitanzi chake chaweza kuingia baina ya usukani na kizuizi chake, au kunaswa na mkono wa chuma unaofungiwa kamba.

Dawa yake ni kuuvusha waya karibu iwezekanavyo na mstari wa bawaba, ukifuata mstari huo kwa kiasi fulani juu au chini kabla ya kuingia usukanini. Hapo usukani ukigeuka waya haukunjiki mahali pamoja. Hujisokota kidogo tu, na msokoto huo hugawanywa katika urefu wote ulioachwa huru. Waya hubanwa kwa uthabiti pande zote mbili ili kiungo chenye plagi kisibebe mzigo wowote. Plagi yenyewe ni muhimu, kwani usukani hutolewa wakati wa matengenezo, na pasipo plagi mtu atakata waya.

Dira na redio

Waya wenye umeme huzungukwa na usumaku. Ampea 2 zikipita katika waya mmoja ulio sentimita 10 kutoka kwenye dira, zaweza kuusogeza mshale wake kwa takriban digrii 10, na rubani anayewasha taa jioni akabadilisha mwelekeo bila kujua. Waya wa kwenda na wa kurudi ukisokotwa pamoja, usumaku wa mmoja huufuta wa mwingine. Hii ndiyo sababu baadhi ya waundaji wa ndege za alumini, ambao bati lingewatosha, huurudisha umeme kwa waya hata hivyo, angalau kwa sehemu inayopita karibu na dashibodi. Taa za LED hazina shida hiyo sana, lakini vifaa vya kielektroniki vilivyo ndani yake vyaweza kutoa mvumo katika redio, inayotumia masafa ya megahezi 118 hadi 137. Waya wa taa basi hauandamani na waya wa antena iwapo nafasi ipo.

Kazi ikikamilika, taa huwashwa na volti kupimwa kwenye ncha mbili za taa yenyewe ikiwa inawaka, kwani waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba bado huonyesha volti kamili taa ikiwa haijaunganishwa. Kisha mtu mmoja huketi kitini akakanyaga kanyagio za usukani kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, polepole, mara kadhaa, huku wa pili amesimama nyuma gizani akiikazia taa macho. Ikipepesa, hata mara moja, kifuniko cha mkiani hufunguliwa tena.